Ndege wa Toros Hufunikwa

Katika mtaa wa waganga mjini Sis, Toros aliuza ndege kwa kila maradhi: majivu ya mbayuwayu kwa koo lililovimba, nyongo ya kware kwa macho yenye ukungu. Lakini mkate wake hasa ulitoka kwa ndege mmoja wa manjano, mzima, aliyekaa tunduni chini ya kitambaa. Mtu aliyeugua umanjano akitazamwa na ndege huyo, ugonjwa humhamia ndege. Ndege akimpa kisogo, mgonjwa ni wa kuzikwa. Kitambaa kilikuwa cha kuzuia wapita njia wasipone bure.

Asubuhi moja mkewe, Zmrukht, alimwekea mtindi mezani, kisha akamkazia macho.

"Baba Levon, macho yako yamekuwa kama kiini cha yai."

"Ni mwanga wa dirisha."

"Na kucha nazo ni mwanga wa dirisha?"

Toros akatazama kucha zake. Kijiko kikamponyoka.

"Usimfunue," alisema. Zmrukht alikuwa ameshamfunua.

Ndege alimtupia Toros jicho moja, kama mgeni aliyeingia nyumba siyo, akageuka na kumpa mkia.

Toros akajilaza, akaelekea ukutani, akauliza sanda iko sanduku gani.

"Si wewe huwa unaficha punje za mtama kwenye mto wa mgonjwa?" Zmrukht aliuliza. "Ndege anatazama mtama."

"Wale niliwasaidia. Mimi sikusaidiwa, na amegeuka kwa hiari yake."

"Amenigeukia mimi. Miaka yote hii, umewahi kumlisha hata siku moja?"

Hakuwahi. Zmrukht akachota mtama, akaupachika katika ndevu za mumewe punje kwa punje, huku mwenyewe anaona, akasogeza tundu. Ndege akageuka. Akamkodolea Toros jicho jeusi bila kupepesa.

Toros alihisi kifua kinafunguka na joto linashuka hadi miguuni. Hapo ndipo aliposhtuka kuliko mwanzo, maana alijua kila punje ilipowekwa.

"Nasikia njaa," alisema, kwa sauti ya mtu aliyetapeliwa.

Dirishani kulikuwa na kichwa. Jirani yao Vasil, Mgiriki mwenye macho meupe pe, yasiyo na umanjano hata chembe, alikuwa anamkazia ndege macho kwa ajili ya maradhi ya siku za mbele.

"Mama Levon," Toros akanong'ona, "mfunike. Huyo anajitibu bure."