Siwema na Mtani Wake wa Wodi ya Nyuma

Nesi Siwema alikuwa na ulimi mkali, na asiyelijua hilo pale Tabora basi alikuwa mgeni aliyeshuka na treni ya asubuhi. Alikuwa Mzaramo, binti wa fundi wa reli, aliyeletwa bara angali mgongoni kwa mama yake. Mumewe alishamchoka, majirani walimwogopa, na hata Sista Mwingereza aliyewasimamia manesi akimwona amekunja uso alipitia mlango mwingine. Ndiyo maana akapangiwa wodi ya nyuma, kwa wagonjwa wa akili, ambako hakuna aliyetaka kwenda. Walidhani wanamkomoa.

Huko Sista aliwafundisha namna ya kusema na wagonjwa: sauti ya chini, maneno laini, usimbishie, usimtanie. Manesi wakaitikia vizuri sana. Wakawa wanawabembeleza watu wazima, wenye wake na mashamba yao, kama vitoto vinavyoota meno: kula baba, kula mzuri. Wakitoka nje, wanawacheka. Siwema aliuchukia unafiki huo kuliko kudeki kinyesi.

Masika yale akaletwa Bundala, mrina asali wa Sikonge. Alikuwa amempandisha mwanawe Lugembe kwenye mti wenye mzinga, tawi likakatika, kijana akafa pale pale. Tangu hapo Bundala hasemi, hali, anakunywa maji tu. Daktari akakata shauri: asipokuwa anakula ifikapo mwisho wa mwezi, anapelekwa hospitali ya vichaa Dodoma. Huko ndugu zake wasingekuwa na njia ya kumfuata, na kaburi la mwanawe asingeliona tena.

Manesi walimbembeleza mpaka wakachoka. Siwema akaja na bakuli la uji, akasimama mbele yake mkono kiunoni.

"Wewe Mnyamwezi, babu yako alibeba pembe za ndovu za watu mpaka Bagamoyo kwa kipande cha kaniki. Leo wewe kijiko cha uji kinakushinda kunyanyua?"

Wenzake wakashika vinywa. Lakini Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, nani asiyejua? Mtani anakutukana hata msibani kwako, na wewe huna ruhusa ya kukasirika, unarudisha. Bundala akamkazia macho. Kisha sauti ikamtoka, imekwaruza.

"Na babu yako alikaa chini ya mnazi akingoja tufike, atuibie."

Akala.

Basi ikawa ndiyo desturi yao, matusi na uji, uji na matusi. Mashavu ya Bundala yakarudi. Katikati ya matusi akaanza kumtaja Lugembe, kwanza jina tu, baadaye jinsi alivyokuwa akicheka. Sista alinuna, lakini akawaacha.

Ndipo mume wa Siwema akatoroka. Alipanda treni ya Mpanda mchana kweupe, yeye na mwanamke wa Kimanyema, mji mzima ukiona. Kesho yake Siwema akaja kazini macho mekundu, na habari zilikuwa zimemtangulia. Bundala alikuwa amekaa kitandani anamngojea, amejiandaa.

"Nasikia mumeo kakimbia," akasema. "Mimi nisiye na akili nimeuvumilia ulimi wako, yeye mwenye akili zake kashindwa."

Wodi nzima ikaangua kicheko. Lilikuwa tusi zuri, tena la haki, na siku nyingine Siwema angecheka mpaka kanga imdondoke. Siku hiyo alimzaba kofi, uji ukamwagika shukani.

"Kichaa mkubwa wewe," akamwambia. "Muuaji wa mtoto wako."

Huo haukuwa utani, na wote wawili walijua. Bundala akalala, akageukia ukutani, na tangu hapo uji akaukataa.

Siwema naye alikuwa na kiburi. Siku zikapita anampitia kama hamwoni, huku moyoni anaungua, na mwezi unaisha. Mwishowe akaenda na bakuli. Alitafuta tusi, akalikosa. Baada ya yale aliyoyasema, angeanzia wapi? Akapiga magoti.

"Kula, baba yangu," akasema polepole. "Kidogo tu, mzuri."

Bundala akageuka. Hakuwa na hasira hata chembe.

"Kumbe kweli nimekuwa kichaa," akasema. "Hata wewe unanibembeleza."

Chakula hakukigusa tena. Siku ya safari ya Dodoma, Siwema ndiye aliyemshika mkono mpaka ndani ya behewa. Hapo ulimi ukamrudia, akamtukania ukoo mzima, babu mpaka kitukuu, kwa sauti iliyogeuza vichwa vya watu stesheni. Bundala akamsikiliza mpaka mwisho, naye Siwema akangoja arudishe.

"Asante, nesi," akajibu kwa adabu. "Mungu akubariki."

Siwema alirudi wodini akilia njia nzima, na hakuna aliyethubutu kumbembeleza.