Mita ya Mfukoni na Lori la Chumvi

Hapa Malaba mimi hujulikana kama mzee wa waya. Lori likikataa kuwaka kwenye laini ya kungoja kuvuka kwenda Uganda, dereva anashuka, anauliza huku na huku, na mwisho anaelekezwa kwangu, chini ya mwavuli karibu na mama wa chai. Kazi hii sikuisomea. Shuleni nilikaa madarasa matatu, la nne nililiona kwa dirisha. Chombo changu cha kupimia kilikuwa balbu ya taa ya mbele ya lori, niliyoifunga waya mbili. Unagusa betri nayo. Balbu ikiwaka nyeupe, betri ni nzima. Ikiwa nyekundu kama jicho la mlevi, betri imechoka. Hapo hakuna cha kusoma.

Halafu nikaingiwa na aibu. Mafundi vijana wa Busia walikuwa wanatembea na mita za namba, na madereva walianza kuangalia balbu yangu kama wanaangalia mganga. Siku moja nilienda Busia kununua dawa ya kuku. Kuku wenyewe walikufa, lakini hiyo hadithi mke wangu anaisimulia vizuri kuliko mimi, na kila mara mwenye makosa ni mimi. Sokoni nikamkuta mchuuzi wa kutoka ng'ambo, Uganda, ameitandaza mita hiyo juu ya gunia, ya manjano, ndogo kama sanduku la miwani.

"Ssebo, hii inapima kila kitu."

"Hata moyo?"

"Moyo bado. Lakini umeme, betri, waya, vyote imemaliza."

Nikainunua. Dawa ya kuku ikapungua kidogo, labda ndiyo sababu walikufa, sijui.

Nisiiseme vibaya yote. Inaingia kwa mfuko wa shati. Waya ikikatika ndani ya mpira, mahali macho hayafiki, unashika huku na kule, na mita isipolia unajua waya imekatika. Ikilia, ni nzima. Kwa hilo peke yake ningeibusu. Lakini waya zake zenyewe ni nyembamba kama tambi, zikang'oka mwezi wa kwanza, nikaziunga. Hebu fikiria, chombo cha kutafuta waya zilizokatika, na cha kwanza kukatika ni waya zake. Kile kitufe cha kuzungusha nacho kina maneno na alama nyingi kuliko barua ya korti, na karatasi ya maelezo ilikuwa Kichina. Huko Matayos nilichomeka waya nyekundu kwa tundu lisilofaa, nikaingiza zile sindano za mwisho wa waya kwa soketi ya kanisa. Mhubiri alikuwa amefika kwenye moto wa milele, na waumini wakauona. Spika zilizima, sindano ikayeyuka ncha, na mimi sijaalikwa tena kutengeneza kitu pale.

Sasa niseme habari ya lori la chumvi.

Dereva wake alikuwa mtu wa Bumala, mnene, mpole, amekaa kwa laini siku tatu. Alikuwa wa nne kutoka getini. Ilikuwa Alhamisi asubuhi. Alinieleza shida yake akiwa amenishika mkono kabisa.

"Mzee, Jumamosi wakwe wanakuja kwangu kumposa binti yangu. Nikivuka saa hii, nashusha chumvi Tororo kesho asubuhi, jioni niko nyumbani. Nisipofika, kwa kile kiti cha kupanga mahari atakaa ndugu yangu mdogo. Na huyo, mzee, huyo akisikia harufu ya nyama anakubali chochote."

Lori lilikuwa linasema tik, tik, halafu kimya. Siku tatu alikuwa amekaa ndani akisikiza redio na kuchajia simu za nusu ya laini. Mtu mwingine yeyote angeshuku betri. Mimi nikatoa mita.

Betri zake zilikuwa mbili. Ya kwanza ikasoma kumi na nne na pointi tisa. Ya pili, kumi na tano. Pembeni mwa namba kulikuwa na kapicha kadogo ka betri, kamekuja wiki ile. Mimi nilikuwa nimekafurahia sana kale kapicha. Nilidhani mita imezoea kazi yangu, sasa inatambua kwamba hapa tunapima betri.

"Betri zako ni dume," nikamwambia. "Kumi na tano, na nzima huwa kumi na mbili tu! Shida ni starta."

Mama wa chai alikuwa anaosha vikombe. "Mzee, hiyo mashine yako inapima betri ama inaisifu?"

"Mama, wewe chemsha chai."

Nikaingia chini ya lori, nikafungua starta, ile mota ya kuamsha injini, nikaiweka juu ya gunia kama figo ya ng'ombe. Hapo ndipo geti likafunguliwa na laini ikasonga.

Laini ya Malaba ina sheria yake, haijaandikwa popote. Wa nyuma anakupigia honi tatu. Usiposonga, anakuzunguka, na hiyo nafasi umeisahau. Dereva wangu alikimbia kumwomba wa nyuma amsukume polepole kwa bampa.

"Boss, nikusukume halafu uendelee kunitangulia?" yule akajibu, akapiga honi ya tatu. Akatuzunguka huku akinipungia mkono, mimi niliyelala chini na bisibisi mdomoni. Wengine wakamfuata.

Mama wa chai akaja na kikombe, akaiokota mita kutoka kwa nyasi. Akaitazama.

"Lakini mzee, hako kapicha si hata kwa simu yangu huwa kanakuja ikitaka kuzima?"

Nilifungua mgongo wa mita. Kabetri kake ka ndani nilikaweka kwa ulimi, kama zamani, na ulimi haukusikia kitu. Mita ilikuwa inakufa njaa, na ilivyozidi kufa ndivyo ilivyozidi kuniambia kila kitu ni kizuri. Nikaenda kwa sanduku, nikatoa balbu yangu. Betri ya kwanza, nyeupe. Ya pili, nyekundu, halafu hata nyekundu ikaisha.

Starta haikuwa na kosa lolote. Niliirudisha, nikakimbia nyumbani na bodaboda, nikang'oa betri ya solar yangu, ile inayomwashia mke wangu taa na redio. Aliuliza naipeleka wapi. Nikasema inaenda Tororo. Lori likawaka. Lakini malori kumi na moja yalikuwa yametupita, na geti likafungwa mbele yake. Alivuka kesho yake mchana.

Wiki nzima tulikula gizani, mke wangu akiimba nyimbo za mazishi makusudi. Halafu dereva akaja, na betri yangu begani. Nikamwuliza alifika saa ngapi hiyo Jumamosi.

"Wakiosha sahani."

"Na ndugu yako?"

"Alikubali yote. Wakwe walisema ng'ombe sita, akasema vizuri. Wakasema hebu wawe wanne, akasema vizuri sana. Hata mbuzi wa mama yake msichana alisahau. Alikuwa anaangalia sufuria tu."

Mama wa chai alimpa kiti na chai ya bure, ambayo mimi miaka yote hii sijawahi kupewa.

Dereva akaichukua mita kutoka mfuko wa shati langu, akaigeuza, akaipuliza vumbi. Nikadhani ataitupa barabarani, na nisingemkataza.

"Hii nipe nimpelekee ndugu yangu," akasema. "Wakae pamoja. Wote wakishikwa na njaa, wanasema vizuri sana."

Nikampa. Kabetri kapya sikumwekea.