Mashine ya Nyasi na Pua ya Baba

Baba alikuja kukaa kwangu Nakuru baada ya kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Jicho moja lilikuwa limefungwa bandeji, na lile lingine, lililokuwa likisubiri zamu yake, lilimwonyesha watu kama moshi. Daktari alimkataza kuinama, kubeba kitu na kusugua jicho. Kwa mtu aliyeendesha trekta na kuzitengeneza huko Kabazi maisha yake yote, hicho kilikuwa kifungo. Kufikia siku ya nne alikuwa ameshabishana na redio, na mimi, na paka wa jirani.

Ijumaa hiyo nilikuwa na shida yangu. Kesho yake ushirika wa kanisa ulikuwa unakutana kwangu, na mvua ilikuwa imeotesha nyasi hadi magotini. Mashine ya kukata ilikuwa imekaa stoo tangu Disemba. Niliitoa, nikavuta kamba mpaka bega likauma. Haikukohoa hata. Nikampigia fundi wangu wa mtaa wa Rhonda.

"Mathe, niko Naivasha mpaka wiki ijayo," akasema.

Nilipogeuka nikamkuta Baba mlangoni, ameshika fremu, anasikiliza.

"Niletee kiti," akasema.

Nikamwekea kiti cha plastiki katikati ya nyasi. Nikamwambia daktari amekataza kuinama.

"Nani anainama? Wewe ndiye utainama. Hiyo petroli ni ya lini?"

"Ya Disemba."

"Chota kidogo, ninuse."

Nikampa kwenye kifuniko cha chupa. Akanusa, akakunja uso. "Hii imelala. Haina nguvu tena. Imwage kwenye mtungi, uende ununue nyingine."

Niliporudi kutoka petroli stesheni tukajaza tangi, nikavuta tena. Kimya. Mimi nilikuwa tayari kukata tamaa, lakini yeye alikuwa ameanza kuchangamka. Akaniambia nifungue plagi nimpe mkononi. Akaipapasa ncha yake kwa kidole gumba, taratibu, kisha akanusa kidole.

"Kavu," akasema. "Umevuta mara ngapi?"

"Kama kumi."

"Mara kumi na bado ni kavu. Ingekuwa imelowa, tungetafuta moto wa plagi. Sasa tunajua petroli haifiki. Rudisha plagi, uache waya wake nje, halafu shuka kwenye kabureta. Kuna kikombe kidogo chini yake."

Lazima niseme kwamba nyumbani kwetu spana zilikuwa za ndugu zangu wa kiume. Mimi nilimaliza shule bila kugusa hata moja, na hakuna aliyeona ni ajabu, hata mimi. Sasa nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye nyasi, mwalimu mkuu msaidizi mzima, leso kichwani, ninapokea maagizo. Kikombe kilipofunguka kikamwaga maji ya rangi ya chai na vumbi kama la kahawa. Nikakisafisha. Baba akaniagiza nichune waya wa umeme, nichukue uzi mmoja mwembamba wa shaba na kuupitisha kwenye tundu la petroli.

"Polepole. Ukilipanua umeliharibu. Unaona mwanga upande wa pili?"

"Naona."

"Basi wewe una macho mawili, funga."

Nikafunga kila kitu, nikarudisha waya wa plagi, nikavuta. Ikawaka. Nilipiga kelele za furaha hadi jirani akachungulia juu ya ua. Nilikata mstari mmoja na nusu, ikapungua sauti, ikazima.

Nilidhani atakasirika. Yeye aliinua tu kidole. "Fungua kifuniko cha tangi, usikilize."

Nikafungua. Tangi likavuta hewa, fyuu, kama mtu aliyetoka majini.

"Umesikia? Tangi limeziba. Hewa isipoingia, petroli haishuki. Kifuniko kina tundu."

Nikaliangalia. Nyigu alikuwa amelijaza udongo, akalisawazisha vizuri sana. Baba akatoa kijiti cha meno mfukoni mwa koti, akanipa.

Baada ya hapo mashine haikuzima tena. Nilikata upande wa geti, nikakata chini ya kamba ya nguo, na kila nilipopita karibu naye aliinua mkono kidogo kunijulisha kwamba inanguruma vizuri.

"Nani alikwambia huwezi kazi hii?" aliniuliza nilipozima kupumzika.

Nilimtazama. Aliuliza kwa dhati kabisa, bila kumbukumbu yoyote ya spana zile za ndugu zangu, nami nikaona hakuna haja ya kumkumbusha.

"Hakuna, Baba," nikasema.

Nilipoanza tena alikuwa amesinzia, kidevu kifuani, hata kelele haikumsumbua. Sikuwa na moyo wa kumwamsha. Nilimzunguka na mashine, nikabakiza duara la nyasi ndefu na mzee katikati yake. Wana ushirika walipofika kesho yake walilikuta duara lile, wakadhani nimepanda kitu pale, wakapita kando kwa heshima.