Ngozi za Pampu Chumbani kwa Mama Mkwe

Sijawahi kuficha kwamba mimi ni mtu wa kukaa nyumbani. Pale Rumonge, kando ya ziwa, wenzangu walinitania kwamba nikiipita michikichi ya mwisho ya mji, kichwa kinaanza kuniuma. Walikosea kidogo tu: kilikuwa kinaanza kuniuma kabla sijaifikia.

Safari zote za maisha yangu nilizimaliza utotoni kwa mkupuo mmoja. Baba yangu, ambaye mwenyewe alikuja ziwani na misafara ya biashara, alinirudisha pwani nikasome shule ya serikali ya Wadachi, yaani Wajerumani. Miezi njiani kwenda, miaka darasani, miezi njiani kurudi. Nilirudi na hati nzuri ya mkono, na kiapo kwamba sitoki tena. Elimu hiyo ndiyo iliyoniponza. Mtu mwenye hati nzuri haachwi akae kwa amani. Nikafanywa karani wa ghala.

Ghala lenyewe lilikuwa kibanda cha bati karibu na mahali stima ndogo ya serikali ilipotia nanga kuchukua kuni. Kazi yangu ilikuwa kuweka vipuri vyake: kamba, misumari, mafuta ya mashine, nyuzi za katani za kuzibia maungio yanayovuja mvuke, vioo vyembamba virefu vya kuonyesha kimo cha maji ndani ya birika la moto, na ngozi za pampu. Ngozi hizo zilikuwa duara, ukubwa wa kiganja. Bila ngozi nzima pampu inakohoa tu, hainyonyi maji. Na bila maji birika linaweza kupasuka na kila mtu aliye karibu.

Haya yote yangekuwa mepesi kama si amri moja ya fundi wa stima. Alikuwa Mdachi mwekundu wa uso, mwenye Kiswahili cha kuamrisha, na amri yake ilikuwa hii: kinachokosekana ghalani, karani akifuate mwenyewe Kigoma. Akifuate kwa mtumbwi. Siku sita kwenda ukijaliwa, na kurudi kadiri ziwa litakavyopenda.

Nilikwenda mara moja, kufuata kamba. Mke wangu alikuwa na mimba yetu ya kwanza, bado mwezi na zaidi, tukadhani muda upo. Niliporudi nina mzigo wa kamba mpya begani nilionyeshwa kaburi dogo. Mtoto alikuja kabla ya siku zake, akaishi siku mbili. Watu walinipa pole, na fundi alinisifu kwa ubora wa kamba.

Kwa hiyo mke wangu alipopata mimba tena, niliapa kwamba safari hii mtoto atanikuta nyumbani. Dua nilizisoma, ndiyo. Lakini zaidi ya dua, nikaanza kurundika vipuri.

Kurundika nako kuna ufundi wake. Kabla kitu hakijaisha kiliweza kuagizwa kwa barua. Niliandika Kigoma kuomba ngozi nne, stima ikaleta mbili. Nikaomba kumi na mbili, zikaja tano. Nikawaelewa. Nikaomba ishirini na nne, nikaeleza kwa hati yangu nzuri kwamba maji ya Rumonge yana ukali wa ajabu unaokula ngozi. Zikaja kumi na moja. Nyuzi za katani nilizidai mpaka nikawa na mafungu ya kutosha stima tatu. Nilipofunga mlango wa ghala jioni nilijisikia tajiri.

Utajiri huo ulikuwa na mdomo, maana majirani walisikia. Wa kwanza alikuwa mvuvi wa nyumba ya tatu.

"Karani, amahoro."

"Amahoro. Kuna nini?"

"Mutumbwi yangu iko inaingia maji. Nipe nyuzi kidogo nizibe."

"Hizi ni za serikali, ndugu yangu."

"Na mimi ni wa nani? Serikali iko na nyuzi kama nywele. Itajua umeipunguza unywele mmoja?"

Mtu asiyeishi ufukweni atasema ningekataa. Kwetu hakuna anayemkatalia mtu ambaye chombo chake kinavuja. Ni aibu ambayo watoto wako wataisikia. Nikampa. Kesho yake wakaja wawili, keshokutwa wanne, na mmoja wao hakuwa na mtumbwi hata wa kuazima.

Nikaamua kuhamishia vitu vya maana nyumbani kwangu, kwenye chumba cha ndani, ambako jirani hawezi kuingia na amahoro zake. Nilijiona mjanja sana. Ngozi zilitakiwa kulainishwa kila mara zisikakamae, na Wadachi walileta kopo la mafuta yao meupe. Mjini ilivuma habari kwamba mafuta hayo ni ya nguruwe. Sikuwa na ushahidi, lakini sikutaka pia chumbani kwangu kitu chenye mashaka. Nikatumia mawese. Rumonge mawese ni chakula, ni taa, ni dawa ya kifua. Yangeshindwa nini na ngozi? Nikazilowesha vizuri zikawa nyekundu, zinang'aa. Nyuzi nazo nikazipaka. Kisha nikatafuta vikapu vyenye vifuniko, na vikapu vyenye vifuniko nilivyopata vilikuwa vya ndagala, dagaa wakavu wa ziwani, kutoka Gitaza. Nikavikung'uta. Harufu sikuweza kuikung'uta.

Mtu mwenye akili za kawaida ameshaona mwisho wa jambo hili. Mimi nilikuwa na akili za shule.

Mwezi wa mwisho ulipoingia, mama mkwe alikuja kutoka Kizuka kumwangalia binti yake. Alikuja na ngozi yake ya ng'ombe ya kulalia, imeviringishwa kichwani, maana hakuamini mikeka ya mjini. Mke wangu akampeleka chumba cha ndani. Chumba kingine hatukuwa nacho.

Na hapo ndipo ghala langu lilipofungwa bila kufuli. Kwetu mwanamume haingii mahali alipotandika mama mkwe wake. Awemo asiwemo, malazi yake yakishatandikwa, chumba ni chake, hata kama nyumba ni yako. Wala hamsemezani ana kwa ana. Maneno hupitia kwa binti. Nikibanwa sana na wasiwasi nilimwuliza mke wangu.

"Vikapu vyangu viko salama?"

"Viko. Vinakusalimia."

"Umevifungua?"

"Bwana Karani, mimi kwa tumbo hili hata kuinama siwezi. Nimwambie mama akuletee nje?"

"Mama mkwe anibebee mizigo! Unataka nisemwe mpaka Kizuka?"

"Basi kaa kimya, unywe uji."

Nikakaa kimya, nikanywa uji. Nilichokuja kujua baadaye ni kwamba mama mkwe alikuwa akiwasikia panya kila siku, mle mle kwenye vikapu, wakitafuna kama wageni kwenye harusi. Hakusema. Mgeni mwenye adabu hailaumu nyumba ya mkwewe. Kusema nyumba ina panya ni kusema mkwe ni mchafu. Yeye akaniheshimu kwa kunyamaza, mimi nikamheshimu kwa kutoingia, na panya wakaneemeka katikati ya heshima zetu.

Stima ilifika asubuhi moja ikikohoa. Niliijua sauti hiyo kabla haijatia nanga. Fundi aliruka majini kwa viatu, akaja moja kwa moja.

"Karani! Ngozi ya pampu!"

"Ziko nyingi, Bwana," nikasema, na nakiri nilisema kwa majivuno. Nilikuwa nimeingojea siku hii kwa miezi.

Akanifuata nyumbani. Nikasimama nje ya chumba cha ndani, mbele ya pazia la mkeka, nikamwita mke wangu anitolee kikapu cha kwanza. Alikuja amejishika kiuno, anatembea kwa kuegemea ukuta. Sauti ya mama mkwe ikatoka ndani:

"Mwambie mukwe nitakisukuma."

"Mama anasema atakisukuma," akasema mke wangu, kana kwamba mimi ni kiziwi.

Kikapu kikasukumwa chini ya pazia. Nikafungua kifuniko. Ngozi za juu zilikuwa zimebaki pete. Za chini hazikubaki hata pete. Palikuwa na makombo mekundu na kinyesi cha panya. Kikapu cha pili, nyuzi zilikuwa zimekuwa kiota, na ndani ya kiota kulikuwa na watoto sita wa panya, wekundu, wamelala. Kikapu cha tatu kilikuwa na vioo. Vioo vyote vilikuwa vizima kabisa, visafi, bila hata ufa. Nilitamani kuvivunja kimoja kimoja.

Fundi aliokota kipande cha ngozi, akakigeuza juani.

"Kumbe ni kweli ulivyoandika," akasema. "Maji yenu yana meno."

Akakitupa kikapuni.

"Utaondoka leo. Mtumbwi na wapiga makasia nitakupa mimi. Utaleta ngozi ishirini."

"Bwana, mke wangu siku zake zimefika."

"Stima yangu nayo siku zake zimefika. Keshokutwa inatakiwa Usumbura."

Mke wangu alikuwa ameegemea mwimo wa mlango. Aliniangalia tu, na nilijua anaona kaburi lile lile ninaloliona mimi. Nikaanza kumwambia fundi maneno ambayo karani hatakiwi kumwambia Mdachi, lakini sauti kutoka ndani ikanitangulia.

"Mwambie mukwe amwulize huyo muzungu, ngozi ya ng'ombe inafaa?"

"Mama anasema..."

"Nimesikia!" nikasema.

Pazia likatikisika, na ngozi ya kulalia ya mama mkwe ikatoka, ikisukumwa kwa mguu. Nilirudi nyuma kama niliyeona nyoka. Kugusa malazi ya mama mkwe, kuyakanyaga, sembuse kuyakata na kuyatia kwenye mashine! Nikasimama pale na shule yangu yote, mikono nimeificha nyuma.

"Mwambie mukwe," ikasema sauti, na sasa ilikuwa imechoka na adabu, "kama anataka kuona haya, akaonee Kigoma. Mimi nimeshazika mujukuu mumoja peke yangu."

Mke wangu hakurudia maneno hayo. Nikainama, nikaiokota.

Fundi aliikwaruza kwa ukucha, akaikunja, akaivuta. Kisha akatoa kisu na kuanza kukata kwa kufuatisha mojawapo ya zile pete zangu. Alikata mbili. Nilipomshukuru alinizuia kwa kiganja.

"Tutajaribu kwanza. Karani, panda. Mtumbwi tutaukokota nyuma. Ikipasuka, tutakutupa humo huko huko ziwani, na utaendelea Kigoma."

Nikamtazama mke wangu.

"Nenda, urudi upesi," akasema. "Mgongo unauma kidogo tu, kama jana."

Kufunga ngozi na kupandisha mvuke kulituchukua mpaka alasiri, ndipo stima ikang'oa nanga. Niliketi karibu na pampu nikiiangalia kama mtu anayemwuguza mgonjwa. Ikakohoa mara mbili. Ikanyonya. Ikanyonya tena, kwa sauti nene, ya kushiba. Maji yakapanda kwenye kioo mpaka mahali pake. Fundi akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akageuza usukani, tukapita sambamba na ufuko. Nyumba yangu niliiona waziwazi: paa, uzio, nguo kwenye kamba. Ningetupa jiwe lingefika, au karibu.

Hapo ndipo tuliposikia vigelegele. Vilianza kimoja, vikawa vingi, na wanawake wakatoka uani kwangu wakipunga khanga kuelekea ziwani.

"Wanasifu mashine," akasema fundi. Akavua kofia yake, akawapungia.

Nami, Mungu anisamehe, nikapunga. Nilipunga kwa mikono miwili, nimejaa furaha ya pampu, mpaka nilipomwona mvuvi wa nyumba ya tatu amesimama kwenye maji mpaka magotini, ameweka mikono mdomoni.

"Karani! Umepata binti! Shuka, weye mujinga, umepata binti!"

"Anasemaje?" akauliza fundi.

"Bwana, nirudishe ufukoni. Mke wangu amejifungua."

"Vizuri sana! Mzima?"

"Sijui! Sijui, Bwana, sikuwepo! Nirudishe!"

Alinipiga begani kwa nguvu, kwa nia njema kabisa, akaisogelea pampu na kuisikiliza kwa sikio.

"Mzunguko mmoja zaidi," akasema. "Ngozi mpya lazima izoee maji."

Tukazunguka. Kila tulipopita mbele ya nyumba nilipaza sauti kuuliza kama mtoto analia, na kila mara mashine iliyokuwa nzima kabisa ilinguruma juu ya jibu.

Niliposhuka nilikimbia na nguo zikichuruzika. Uani wanawake wakanizuia: chumba cha ndani, alimolala mke wangu na mtoto, kilikuwa bado cha mama mkwe. Nikaketi chini, mgongo ukutani, upande wa nje. Ndani mtoto alipiga chafya, kisha akalia kwa nguvu kama mtu mwenye madai.

"Mwambie mukwe," ikasema sauti ya mama mkwe, "mutoto iko muzima. Anamwulizia alikuwa wapi."