Glovu za Kupigia Picha

Mgeni rasmi alipokuja Bagara kupiga picha na wasichana wa ushirika wa kurejeleza chupa za plastiki, waligawiwa glovu mpya. Gari lake lilipoondoka tu, ofisa aliyezigawa akapita na boksi kuzikusanya. Mchambuaji wao wa chupa, binti anayelipa kodi ya chumba kwa kazi hii, hakuzivua. Kila siku hung'oa kizibo, huinusa chupa, huikanyaga. Iliyobeba dawa ya kuulia wadudu huitenga, na vidole vyake vimebabuka.

"Vua, binti, hizo ni za ofisi."

"Shikamoo, mzee. Na vidole hivi ni vya nani?"

Wenzake wakaangua kicheko. Ofisa akamvua kwa nguvu, kidole kimoja kimoja. Binti akaokota chupa nyingine, akainusa.

Ninyi mliozichukua glovu hizo, zirudisheni kesho asubuhi, mbele ya kamera zilezile.