Glenda Hallam na chumba kisicho na mlango

Saa tatu na robo asubuhi, Glenda Hallam anatembea huku bega lake la kushoto limebana ukuta. Anakwenda hadi kona, anageuka, anarudi na bega la kulia. Ukuta ni wa matofali yenye masizi. Nyuma yake yupo bata bukini aliyevaa kofia ya chuma, anampiga risasi.

Glenda hajali. Anakufa, anafufuka kwenye ngazi, anarudi ukutani pale pale alipoishia.

Yote hayo yako kwenye skrini. Mwenyewe amekaa kwenye kiti ghorofa ya tatu ya kiwanda cha zamani cha lesi, hapa Nottingham, kavua viatu na miguuni ana soksi za sufu. Ana miaka hamsini na minane. Kazi yake ni kujaribu gemu kabla halijauzwa, na hasa kutafuta penyo, yaani mahali ambapo ukuta unaonekana upo lakini haupo, mchezaji akiuegemea anapita na kutumbukia nje ya dunia.

"Vijana wanataka kupiga risasi," anasema bila kuondoa macho. "Mimi nipe ukuta. Ukuta hauna haraka."

Wenzake wanane wa chumba hicho, wengi wao wadogo kuliko gemu lenyewe, wanamwita Mama Ukuta. Yeye anawaita wote bata, kama watu wa mji huu wanavyoitana dukani na kwenye tramu, mkubwa kwa mdogo.

Gemu ni *Vurugu za Saa, Sehemu ya Pili*. Waliolicheza miaka ishirini na tatu iliyopita wanalikumbuka. Askari wa maegesho anasafiri katika enzi tisa kuwafukuza wezi walioiba saa ya manispaa, na kila enzi, hata ile ya mwezini, kuna bukini wenye hasira. Walinzi wakipigwa risasi hawalii kama watu wa sinema. Wanalalamikia mshahara kwanza, ndipo wanaanguka.

Sehemu ya kwanza ilikuwa ya kawaida tu. Ni ya pili iliyowafanya watu wacheke peke yao sebuleni. Kampuni iliyoitengeneza ilifungwa zamani. Sasa kampuni nyingine ndogo inalitengeneza upya kwa mashine za kisasa, na mchoraji mmoja wa zamani alipoulizwa nani anazijua kuta zake, alitaja jina moja.

Walimkuta Glenda kwenye ghala la nguo, akikagua soksi kama ziko mbili mbili. Kabla ya hapo alipika kwenye jiko la shule miaka kumi na moja, na kabla ya hapo alimuuguza mama yake. Mara ya kwanza alipojaribu gemu hili alilipwa paundi tano na nusu kwa saa, kibarua wa wakala, bila jina lake kuandikwa mwishoni pamoja na ya wengine. Leo analipwa paundi kumi na tatu. Anasema angekuja hata kwa zile tano.

Ukimuuliza kwa nini, anatoka kwenye ukuta alioushika, anapita enzi mbili, na kusimama mbele ya ukuta mwingine. Anaegemea. Skrini inatikisika kidogo, na yuko ndani.

Ni chumba kidogo kisicho na mlango wala dirisha. Kuna meza, birika, vikombe viwili vya chai na viti viwili. Ukutani kimetundikwa kichwa cha bukini mwenye sura ya kushangaa.

Chumba hiki hakimo kwenye ramani. Kilichorwa kwa siri, kwa ombi la mtu aliyekuwa akikaa kiti cha pembeni ya Glenda, Neville Shipley.

Siku hizo wajaribu walikaa wawili wawili, skrini moja imegawanywa, juu mmoja na chini mwingine. Glenda juu, Neville chini. Walikaa hivyo miezi ishirini na moja. Alikuwa mtu mrefu wa Bulwell, kitongoji cha mji huu, anasema Glenda, mwenye sweta moja la kijani na maneno machache sana. Akitaka kukusifu, alikutengenezea mkate wa nyama na kuuweka karibu na kidhibiti chako, kisha akaangalia kwingine.

Glenda ndiye aliyeupata upenyo wa ukuta ule. Alipaswa kuuandikia ripoti siku hiyo hiyo. Neville akamwambia asubiri kidogo. Baada ya siku tatu, nyuma ya ukuta ambako palikuwa na weusi mtupu, kukawa na meza na birika.

Ripoti haikuandikwa. Kwa mjaribu, hilo ni kosa kubwa kuliko kuchelewa kazini au kulala mezani, na Glenda halifichi.

Kila siku saa kumi jioni, wengine wakidhani wanakagua kuta, wachezaji wao wawili walikuwa wamekaa mle ndani. Hawakufanya kitu. Walikunywa chai yao halisi huku wanawaangalia wale wa kwenye skrini wamekaa.

"Nilijua ananipenda," anasema Glenda. "Na yeye alijua mimi vilevile. Kilichobaki ni mmoja wetu kufungua mdomo, na tulikuwa watu wabaya sana wa kufungua mdomo."

Neville alijaribu. Ilikuwa Alhamisi, wiki moja kabla ya ile ya mwisho ya kazi, na zamu ya kuchemsha chai ilikuwa ya Glenda. Ofisini hapo, kama ofisi nyingi za nchi hii, huwezi kujitengenezea chai peke yako. Ukisimama, umesimama kwa niaba ya wote, na kila mmoja ana namna yake: huyu sukari mbili, huyu maziwa kidogo, huyu majani yatolewe mapema. Siku hiyo vilikuwa vikombe kumi na kimoja.

Alipokuwa jikoni, Neville alimsimamisha mchezaji wake ndani ya kile chumba, mbele ya ukuta, akaanza kuandika kwa bunduki. Risasi moja tundu moja, matundu kumi na moja au kumi na mawili kwa kila herufi. Waliokuwa jirani walisikia tu bunduki ikilia taratibu, wakadhani yuko kazini.

Lakini mashine za wakati ule zilikuwa na kumbukumbu ndogo. Zilibeba matundu mia moja ya risasi, na ukipiga la mia na moja, la kwanza linafutika. Neville alilijua hilo. Alilijua kwa sababu Glenda ndiye aliyekaa mchana mzima akiyahesabu na kuandika ripoti, na Neville ndiye aliyekuwa akipiga risasi huku Glenda anahesabu.

Siku hiyo akasahau. Aliandika sentensi ndefu, na ukuta ukaimeza kutoka mwanzo kadiri alivyoendelea. Hakuona, kwa sababu mtu anayelenga herufi anaangalia anapolenga.

Glenda aliporudi na sinia, alikuta ukutani neno moja. *Ukipenda.*

"Nikacheka," anasema. "Nilidhani ananiuliza habari ya chai. Nikamwambia napenda, ndiyo, nimeshakunywa moja jikoni. Akageuka kuangalia skrini, akaona kilichobaki. Nikamuuliza, ulikuwa umeandika nini? Akasema, ah, basi, si kitu. Nikampa kikombe chake. Sukari mbili."

Kwenye skrini mchezaji wake amesimama mbele ya ukuta ule, hamsogezi.

Siku nane baadaye mikataba ya wakala ikaisha. Neville akaenda kwa dada yake visiwa vya Shetland, kaskazini kabisa. Kadi ya Krismasi ambayo Glenda alituma Bulwell, akitumaini atapelekewa huko aliko, ilirudi imeandikwa kwamba mtu huyo hayupo hapo. Amemtafuta mtandaoni pia. Amepata Neville Shipley wawili, mmoja mchungaji na mwingine marehemu, na wote wawili si yeye.

Ndiyo maana wiki ya kwanza ya Februari, alipokalishwa tena mbele ya gemu hili, hakuanza na orodha ya kazi. Alikwenda moja kwa moja kwenye ukuta ule na kuuegemea. Kampuni mpya ilikuwa imechukua ramani za zamani kama zilivyo, na upenyo ukaja pamoja nazo. Vikombe vilikuwa mezani.

Kuna jambo moja lililobadilika, na hilo ndilo lililomkosesha usingizi. Gemu la zamani lilichezwa na watu waliokaa kochi moja. Hili jipya linapitia mtandao. Mtu wa Nottingham na mtu wa Shetland wanaweza kusimama ndani ya chumba kimoja.

"Neville atalinunua," anasema. "Hanunui vitu, lakini hili atalinunua. Na akilifungua, hataanza na wezi. Atakwenda kule."

Kama kutakuwa na pa kwenda. Kazi ya Glenda ni kuhakikisha gemu halina hata upenyo mmoja. Kila ukuta una mstari wake kwenye orodha, na chini ya mstari mjaribu anatia herufi za jina lake kuthibitisha kwamba ameubana wote na ni mzima. Ukuta ukishazibwa, hakuna chumba.

Kwa wiki kumi na moja Glenda alitia herufi zake kwenye kuta elfu tatu na zaidi. Mstari mmoja akauacha wazi. Hakuweza kuandika kwamba ukuta ni mzima, maana ni uongo. Hakuweza kuandika kwamba una upenyo, maana wangeuziba.

Msimamizi wake ni Priyesh Sodha, kijana wa miaka thelathini na mmoja, mtaratibu, anayekula mkate wa yai kila siku saa tano. Yeye ndiye aliyeuona mstari mtupu. Hakumwita ofisini. Alikuja na mkate wake, akakaa kiti cha pembeni, akamuuliza kwa sauti ya chini ule ukuta una nini.

Glenda akamsimulia, chai, risasi na neno lililobaki. Priyesh alisikiliza bila kutafuna.

"Mama Ukuta," akamwambia, "siwezi kuuficha. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha kwamba haufichwi. Andika ripoti."

Akaiandika mchana huo. Ni ripoti namba 4,117, na bado ipo kwenye kumbukumbu za kampuni. Inasema mchezaji akiegemea ukuta mahali fulani, anapita na kuingia chumba kisicho na mlango. Chumba kina vikombe viwili. Mchezaji anaweza kutoka kwa njia ile ile. Haijulikani kama kinabeba watu wawili kupitia mtandao.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo ilikuwa hatari. Mara nyingi chumba cha siri kinamvumilia mtu mmoja, akiingia wa pili sakafu inafunguka na wote wawili wanatumbukia weusini bila kukoma. Kingekuwa hivyo, kingezibwa siku hiyo hiyo na pasingekuwa na mjadala.

Kwa hiyo wakajaribu. Glenda akaingia kwanza, akakaa kwenye kiti kimoja. Priyesh, kwenye mashine nyingine upande wa pili wa ofisi, akauegemea ukuta. Vijana walikuwa wameacha kazi zao wamesimama nyuma yake, na mmoja akanong'ona kwamba wakianguka waanguke na birika.

Mchezaji wa Priyesh akatokea chumbani. Sakafu ikatulia. Akasogea mpaka kwenye kiti cha pili na kukaa.

Kwa mara ya kwanza baada ya miaka ishirini na tatu, viti vyote viwili vilikuwa na watu. Glenda anasema alilazimika kufuta miwani.

Kisha Priyesh akafanya jambo ambalo halikuwa kwenye orodha. Akageukia ukuta akapiga risasi, moja baada ya nyingine, kwa mistari iliyonyooka, na Glenda akahesabu kwa sauti kama zamani. Wakafika mia moja. Mia na moja. Tundu la kwanza lilikuwa bado lipo. Waliendelea hadi mia sita ndipo mtu wa mashine akawaambia wasijisumbue, za siku hizi zinabeba elfu arobaini.

Jumatatu iliyofuata kulikuwa na kikao cha kuamua ripoti zipi zishughulikiwe. Glenda hakuingia, si ngazi yake. Alibana kuta mpaka saa saba. Priyesh alipotoka alirudi moja kwa moja mezani kwake, na ripoti namba 4,117 ikabadilika rangi kwenye skrini ya kila mtu. Karibu na namba kukawa na neno ambalo wajaribu huwa wanalichukia, kwa sababu maana yake kazi yao imepuuzwa: *Haitarekebishwa.*

"Sijawahi kuona neno zuri kama lile," anasema Glenda.

Gemu litatoka Oktoba, wiki ya Tamasha la Bukini, sherehe ya hapa ya kila mwaka, mji ukiwa unanuka njegere za kupondwa na mnanaa. Mkataba wa Glenda utaisha siku hiyo hiyo. Tayari ameshaulizia kazi yake ya soksi.

Mpango wake ni mdogo. Ameweka akiba ya kununua mashine mpya ya gemu, ataiweka sebuleni kwake mtaa wa Sneinton, na kila Alhamisi saa kumi jioni ataingia kwenye kile chumba na kukaa. Atafanya hivyo msimu mzima wa baridi. Akiulizwa ataandika nini ukutani, anasema ataandika swali moja tu, mwanzo wa ile sentensi ulikuwaje.

Na kama hatakuja mtu?

"Nitakuwa nimekunywa chai yangu, bata wangu. Ningeinywa hata hivyo."

Ana ombi moja kwa gazeti hili. Enzi zitajwe, bukini watajwe, hata sweta la kijani litajwe. Lakini isiandikwe ni ukuta upi. Hataki chumba kijae watu. Anayetakiwa kuujua ukuta ule, anasema, anaujua.

Saa kumi kasoro dakika tano. Leo ni Alhamisi, na zamu ya chai ni yake. Vikombe ni tisa. Glenda anavaa viatu, anachukua sinia, anafika mlangoni, kisha anarudi. Anainama mbele ya skrini, ingawa gemu halijatoka bado, na kuukagua ukuta wote wa kile chumba, kutoka kona ya kushoto mpaka ya kulia, juu mpaka chini.

Hakuna kilichoandikwa. Anakwenda kuchemsha maji.