Nafasi ya Vigelegele

Katika wiki ya harusi ya mdogo wangu, wimbo niliokuwa nikimtengenezea ulikuwa umebakiza sauti moja tu. Ngoma na kayamba nilikwisha kuzirekodi, nikazikata vipande vifupi, nikavisafisha na kuvipanga katika programu ya muziki ili vijirudie bila kukwaruzana. Vilikosekana vigelegele, na mdogo wangu alivitaka vya shangazi yetu wa kijijini Akheri, si vya kupakua mtandaoni.

Nilimkuta shangazi migombani. Baada ya shikamoo nilitoa maikrofoni na kumweleza haja yangu.

"Nipige sasa hivi? Kwani bibi harusi yuko wapi?"

"Yuko kwa fundi, anajaribu gauni. Piga kidogo tu, shangazi, kompyuta itarudia yenyewe."

"Basi hiyo kompyuta ianze yenyewe!" Alicheka mpaka akaegemea mgomba. Kisha akasema kwa upole, "Mwanangu, furaha ya Jumamosi siimwagi Jumatano."

Nilirudi mjini mikono mitupu, nikihofia kumpa bibi harusi wimbo wenye pengo. Nilijaribu vigelegele vya kupakua. Vilikaa sawa na mdundo, lakini havikuwa vya mtu tunayemjua. Nikavifuta, nikaacha kimya kifupi mahali pake.

Jumamosi, mdogo wangu alipokuwa akiingia ukumbini, wimbo ulifika kwenye kile kimya. Shangazi alisimama akapiga vigelegele, wanawake wengine wakampokea, na hawakunyamaza hata ngoma ziliporudi.